Boston Itashuka, New York Je?

Dada yetu mmoja ametueleza kuwa wanawe wawili siku hizi hawapikiki chungu kimoja. Mkubwa ni shabiki wa Boston Celtics, mdogo ni wa New York Knicks. Kila usiku baada ya sala ya Isha, sahani zikiwa bado mkekani, hubishana ni timu gani itakayopanda na ipi itakayoshuka katika msimu wa mpira wa kikapu wa Marekani utakaoanza Oktoba hii ya 2025. Akatuomba tuwaamue.

Kwanza tuliuliza iwapo kuna dau lililowekwa. Akatuhakikishia kuwa hakuna hata shilingi. Lau lingekuwapo tusingeandika neno, kwani katazo la kamari katika Suratul Maida liko wazi. Kukisia kwa kupima sababu ni jambo jingine, na ya ghaibu anayajua Mwenyezi Mungu peke yake.

Tuanze na Boston, mabingwa wa 2024. Msimu uliopita walishinda michezo 61 kati ya 82, kisha New York wakawatoa kwa michezo minne kwa miwili. Katika mchezo wa nne, tarehe 12 Mei, nyota wao Jayson Tatum alikatika kano ya kisigino. Jeraha hilo si la kukandwa kwa maji moto likaisha. Kevin Durant alipolipata mwaka 2019 alikosa msimu mzima uliofuata. Juu ya hayo, ligi huzitoza ushuru mkali timu zinazozidisha mishahara, na Boston, ili kujipunguzia mzigo, wamewaachia Jrue Holiday na Kristaps Porziņģis. Aliyekwenda Atlanta, aliyekwenda Portland, wote walikuwa nguzo za ubingwa ule. Sisi twasema Boston itashuka. Haitazama, maana Jaylen Brown na Derrick White wamebaki, lakini 61 hawatazifikia.

Mkubwa, tulipomfikishia hukumu hiyo, alinyamaza kidogo kisha akatukumbusha mwaka 2007, Boston waliposhinda michezo 24 tu, na msimu uliofuata wakashinda 66 na kutwaa ubingwa. Ni kweli, wala hatumpingi. Ila mwaka ule waliletewa Kevin Garnett na Ray Allen. Mwaka huu wanaoingia si wa kimo hicho. Mfano unaofanana zaidi ni wa Golden State, walioondokewa na Durant na kumkosa Klay Thompson aliyeumia goti: kutoka ushindi wa michezo 57 wakaanguka hadi 15.

Mdogo naye asifurahi upesi. New York walishinda michezo 51 na kufika fainali ya Kanda ya Mashariki kwa mara ya kwanza tangu 2000, kisha wakamfukuza kocha, Tom Thibodeau. Mwenye nyumba hupenda kubadili fundi nyumba ikiwa karibu kwisha! Hata hivyo wachezaji watano wa mwanzo wamebaki wote, na Thibodeau alikuwa na desturi ya kuwachosha kwa kuwachezesha dakika nyingi mno. Mike Brown, aliyechukua nafasi yake, akiwapa wa akiba nafasi zaidi, twatarajia Jalen Brunson na wenzake wafike Aprili wakiwa na pumzi. Tunaipandisha New York, kwa hatua chache.

Kuna la tatu ambalo vijana wetu hawakulitaja. Indiana Pacers ndio walioitoa New York, nao wataporomoka kuliko wote wawili. Tyrese Haliburton alikatika kano ile ile katika mchezo wa saba wa fainali, tarehe 22 Juni, na klabu imeshatangaza kuwa hatacheza msimu mzima. Myles Turner, baada ya miaka kumi, amehamia Milwaukee. Kwa hiyo njia ya New York imefunguka kwa majeraha ya wenzao kuliko kwa ubora wao wenyewe, na mdogo hakupenda kuambiwa hivyo.

Kila mmoja ameandika idadi yake ya ushindi kwenye karatasi, nasi tukaandika yetu. Mama yao amezifungia kabatini hadi Aprili.