Dhahabu Ina Bei Hadharani, Dera Lina Siri Gani?

Biashara matangazo, wanasema. Basi fungua simu jioni hii ukiwa Kahama, Katoro au Shinyanga mjini, utazame yanayopita: madera, viatu, mikoba, manukato, majiko ya gesi. Picha zinang'aa, maneno matamu: "Mzigo mpya umeingia, wahi wako!" Mtu anauliza chini ya picha, "Dada, bei gani?" Jibu ni lile lile: "Njoo DM, my."

Sitamung'unya maneno. Muuzaji anayeficha bei anataka kwanza akujue wewe ni nani, ndipo aamue akukamue kiasi gani.

Huko DM anaanza kukupima. Anafungua ukurasa wako, anatazama picha zako. Ukiwa umeegemea Land Cruiser, bei inapanda. Ukionekana umevaa kofia ngumu kando ya karasha, anajua wewe ni wa mgodini, na kwake mtu wa mgodini ni fedha inayotembea. Dera analomuuzia jirani yake kwa elfu ishirini na tano, mke wa mchimbaji wa Nyarugusu anatajiwa elfu arobaini, halafu anaongezewa "mpenzi" mbili tatu ili bei iteremke vizuri kooni.

Jambo hili linauma zaidi kwa sababu linatendeka kanda hii ya dhahabu na pamba. Mchimbaji mdogo anajua vizuri bei ya siri ilimfanya nini. Kwa miaka mingi aliuza dhahabu yake uchochoroni, kwa mnunuzi aliyekuwa na mizani yake na bei yake kichwani. Machi 2019 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alifungua soko la madini Geita, na masoko mengine yakafuata nchini. Leo Tume ya Madini hutoa bei elekezi, na mwenye gramu zake anaingia sokoni akijua pa kuanzia. Mkulima wa pamba wa Kishapu naye hutangaziwa bei elekezi ya msimu. Mwaka 2019 ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Unaweza kulalamika kwamba bei ni ndogo, na wakulima hulalamika kweli, lakini unajua unacholalamikia. Dhahabu ina bei hadharani, pamba ina bei hadharani, halafu dera la kutoka Kariakoo linawekewa ulinzi kama siri ya jeshi!

Wenye maduka wana utetezi wao. Wa kwanza: "Nikiandika bei, washindani watanishusha." Mshindani wako anaweza kuingia DM kwa jina la bandia na kuipata bei hiyo dakika hii hii. Unayemficha ni mteja peke yake. Wa pili: "Watu wakiuliza bei, komenti zinaongezeka na posti inasambaa." Sawa, inasambaa. Lakini komenti mia za "bei?" hazilipi kodi ya fremu, na mteja aliyejiunga bando la kubana hana muda wa kusubiri jibu lako hadi kesho. Wa tatu: "Kupatana bei ni desturi yetu." Ni desturi, kweli. Ila mnadani ng'ombe unamwona, unamzunguka, unamkagua meno, na bei inatajwa watu wakisikia. Hakuna aliyewahi kumnong'oneza mteja bei ya ng'ombe gizani akaita hiyo desturi.

Siri ya bei nayo haiji peke yake. Inafuatana na picha iliyochukuliwa kwenye ukurasa wa duka la Guangzhou, na mahali palipoandikwa "Tupo Shinyanga" tu, kana kwamba Shinyanga ni chumba na sebule. Kisha "tanguliza hela, mzigo unapanda basi leo." Basi linafika, kilichomo kwenye boksi hakifanani na picha, na namba haipatikani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza mtandaoni amwambie mnunuzi jina lake, anwani yake na sifa za bidhaa. Wangapi kati ya hao wa "njoo DM" wanatimiza hata nusu ya hayo?

Anayeumia mwisho wa yote ni muuzaji mkweli. Yule binti wa Kahama mwenye kabati moja la viatu na simu moja anahesabiwa kundi moja na matapeli kwa sababu anaiga tabia zao. Dada, jitenge nao! Piga picha mzigo wako mwenyewe, ukiwa juu ya meza yako. Andika bei, saizi zilizopo, mtaa ulipo, na gharama ya kutuma hadi Geita au Mwakitolyo. Bei ikipanda kwa sababu mzigo umepanda, badilisha tangazo na useme sababu. Hilo ni tangazo bora kuliko kulipia posti ifike kwa watu elfu kumi ambao wote wataishia kuuliza bei.

Na sisi wanunuzi tuache kujipeleka. Kila tunapokimbilia DM tunailipa mishahara tabia hii. Ukikuta bidhaa haina bei, usiulize, usikomenti, usimtumie rafiki. Ipite. Fedha iliyotoka kwenye duara la mgodi kwa jasho haistahili kwenda kwa mtu anayeona aibu kutaja bei yake.