Umezaliwa kisiwani, kuogelea hujui?

Wiki hii wapenzi waliogombana wapatanishwe na mashoga zao, mimi nina habari ya mwili wangu. Unauma kila kiungo!

Kisa ni mchezo unaoitwa traiathloni. Unaogelea, ukitoka majini unadandia baiskeli, ukishuka hapo unakimbia, na saa inahesabu tangu mwanzo mpaka mwisho. Ulianzia San Diego, Marekani, mwaka 1974, ukaingia Olimpiki kule Sydney mwaka 2000. Olimpiki wanaogelea kilomita 1.5, baiskeli 40, mbio 10. Sisi washikaji wanne wa maskani moja hapa Chake Chake tumechagua nusu yake: mita 750, baiskeli kilomita 20, mbio 5. Hakuna kombe wala mdhamini. Wa mwisho atawanunulia wenzake madafu, basi.

Baiskeli haikunitisha. Mtoto wa Pemba anaendesha huku kapitisha mguu katikati ya fremu, kiti hajakifikia bado. Lakini sio siri, njia ya Mkoani ina vilima vya kumtoa mtu jeuri. Jamaa zetu wa Unguja waliozoea tambarare waje waone! Tunakwenda kilomita 10, tunarudi 10, na msimu wa karafuu unapita kando ya majamvi yaliyoanikwa, harufu inakushuka mpaka kifuani. Balaa ni pale unaposhuka. Mapaja yamezoea kuzunguka, sasa unayaambia yakimbie, yanagoma kama punda. Dawa ni kuunganisha: mara moja kwa wiki unashuka kwenye baiskeli na papo hapo unakimbia, hata dakika 10. Wiki ya nne miguu ikaanza kusikia.

Na bahari? Hapo ndipo penye kazi. Tunaiona kila siku, samaki tunakula, boti ya kwenda Unguja tunapanda, lakini vijana wengi wa mjini ninaowajua maji yakiwafika kifuani wanaanza kusoma dua. Mimi nilikuwa mmoja wao, na kwetu kulikuwa na sababu. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikija huku Pemba, wakafa mamia ya watu. Julai 2012 ikazama MV Skagit iliyokuwa inatoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Nilikuwa mdogo, ila nakumbuka hitima zilivyofuatana mtaani. Mama akapiga marufuku: bahari mwisho magotini.

Kwa hiyo nilipomwambia nataka kuogelea mita 750, hakujibu. Aliendelea kukuna nazi. Kesho yake ndiyo akauliza, "Nani atakufunza, mwanangu?" Nikamtajia mzee mvuvi, jirani yetu wa miaka mingi. Akasema, "Huyo sawa."

Mzee yule wiki mbili nzima hakuniruhusu kurusha mkono. Kulala chali juu ya maji tu, masikio yamezama, pumzi taratibu. Halafu ndiyo likaja somo la kutoa pumzi uso ukiwa majini na kugeuza kichwa upande kuvuta nyingine. Tunakwenda Vitongoji maji yakijaa, na hujaa kwa kuchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo zoezi halina saa maalumu. Siku za bamvua, maji yanapopanda na kushuka karibu mita 4, mwanafunzi anakaa nchi kavu. Tunangoja maji mafu, mwezi saba au ishirini na mbili, mkondo ukiwa umepoa, tunaogelea sambamba na ufukwe, ngalawa ya mzee iko pembeni. Peke yako usijaribu, hata uwe bingwa.

Sisemi mita 750 zingemwokoa mtu usiku ule kwenye mkondo wa Nungwi. Lakini mwezi uliopita nilipanda boti kwenda Unguja, na mimi ambaye siku zote hukaa karibu na mlango nikiyahesabu majaketi, nilisinzia mpaka Malindi.

Mama naye kaja na jipya. Anataka mdogo wangu wa kike afunzwe, ila na mwanamke mwenzake. Ombi halina ajabu: Nungwi hiyohiyo, mradi wa Panje uliwafundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi ya stara. Mimi hapa Chake Chake nimeuliza mitaa mitatu, mwalimu wa kike sijampata. Unayemjua niambie haraka, maana shindano letu ni maji mafu ya mwezi ujao na binti keshasema mwakani wa tano ni yeye.

Haya, wiki ijayo inshaallah!