Nyumba Hutunzwa na Wenyewe

Siku moja mwalimu wetu wa historia alituonyesha picha ya jengo la mji wa New York, Marekani, akatuuliza, "Mwaonaje, hii ni nyumba ya nani?" Mmoja akasema ni kanisa, mwingine akasema ni ikulu, kwa sababu ya nguzo zake za mawe na kuba kubwa juu ya paa. Sote tulikosa. Yalikuwa makao makuu ya polisi, na leo ni nyumba ya watu kukaa. Tangu siku ile nimelifikiri sana jengo hilo, nami napenda kuwapa wasomaji maoni yangu.

Mwaka 1898 Brooklyn na sehemu nyingine za jirani ziliunganishwa na New York, mji ukawa mkubwa ghafula, na polisi wakahitaji makao makubwa. Ujenzi katika barabara ya Centre ulianza mwaka 1905 ukaisha mwaka 1909. Polisi walikaa humo hata mwaka 1973, kisha wakahama, na jengo likabaki tupu zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1978 serikali ya mji ililitia katika orodha ya majengo ya kumbukumbu. Lakini orodha ni karatasi, haizibi paa linalovuja. Mwaka 1988 jengo lilipata wenyewe, maana liligeuzwa kuwa fleti 55 za ushirika.

Ushirika wa nyumba huko New York huendeshwa hivi. Jengo zima ni mali ya kampuni moja. Anayetaka kukaa hununua hisa za kampuni hiyo, na kwa hisa hizo hupata haki ya kukaa katika fleti yake. Kila mwezi hutoa fungu lake kwa ajili ya paa, lifti, kodi na mishahara ya wafanyakazi. Wenye hisa huchagua halmashauri ya kusimamia mambo yao. Basi ukuta ukipata ufa, hapana awezaye kusema, "Si shauri langu."

Wako watakaonipinga. Watasema kwamba jengo la umma limekuwa la matajiri. Kwamba halmashauri humhoji kila mnunuzi na yaweza kumkataa. Tena kura huhesabiwa kwa hisa, hata mwenye fleti kubwa akawa na sauti kubwa. Babu yangu, aliyekuwa mwanachama wa chama cha ushirika cha kahawa, angeshangaa, maana kwao mwenye miche mia na mwenye miche elfu kila mmoja alikuwa na kura moja. Nakiri kwamba maneno hayo ni kweli, nami ningefurahi zaidi kama vyumba vingine vingewekwa kwa watu wa kipato kidogo. Hata hivyo, nyumba iliyosimama yaweza kugawanywa kwa haki zaidi siku za mbele. Iliyoanguka haina la kugawa.

Kwa nini naandika haya? Nyuma ya jiko letu liko bweni la zamani. Mabati yake yametoboka, na wakaaji wake ni popo. Yasemwa kwamba litabomolewa kwa kuwa halina kazi. Mimi naona afadhali lipewe kazi kwanza. Kila kidato kipewe chumba kimoja, cha kusomea au cha mdahalo, nacho kishike wajibu wa kukifagia, kukipaka chokaa na kuchangia bati. Walimu watuongoze, na wazazi walio mafundi watusaidie.

Sisi wa kidato cha nne tutaondoka kabla ya kufaidi, lakini tuko tayari kuanza kazi. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Bweni lile bado ni la kuzibwa ufa tu. Tusingoje mpaka liwe la kujengwa.