Diski Kutoka Ng'ambo Inapogoma



Mwezi huu nina kisa ambacho si rahisi kukisimulia, kwa maana kosa lilikuwa langu.

Mwaka 2008 wifi yangu alifunga ndoa huko Minneapolis, Marekani. Mama mkwe wangu hakuweza kusafiri kwa sababu ya maradhi ya miguu, akabaki kungojea picha. Baada ya miezi mitatu bahasha ikafika, ndani yake mna diski mbili za DVD. Moja ilikuwa ya arusi, na nyingine ya katuni za watoto, iliyonunuliwa dukani huko huko.

Jumamosi ile nilipika pilau nikaalika majirani. Bibi akakaa mbele ya televisheni amevaa kitenge kipya. Tulipoweka diski ya arusi, nyimbo tulizisikia vizuri, lakini picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, tena ikipanda juu bila kutulia. Tukajaribu ile ya katuni. Hiyo ilikataa kabisa, yakatokea maandishi tu kwamba haiwezi kuchezwa.

Nikamgeukia mwanangu wa pili, wakati huo akiwa na miaka 11. Jana yake nilimkuta akichezea rimoti. Sikumwuliza neno. Nilimkaripia mbele ya wageni na kumpiga kofi. Majirani wakaaga mmoja mmoja. Bibi akasema tu, "Basi, mwanangu, nitamwona siku akija."

Jumatatu nikamwita fundi. Hakufungua hata skrubu moja. Alizitazama diski, akatazama maandishi nyuma ya televisheni, kisha akasema, "Mama, deki yako ni nzima. Hakuna aliyeiharibu."

Alinieleza hivi. Nchi hazikutumia mfumo mmoja wa picha. Marekani ilitumia NTSC, wenye mistari 525 na picha karibu 30 kwa sekunde. Tanzania, Kenya na Uganda zilitumia PAL, wenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Televisheni yetu ya zamani ilijua PAL peke yake. Ndiyo maana sauti ilikuja salama, na picha ikakosa rangi na utulivu.

Diski ya katuni ilikuwa na ugonjwa mwingine. Makampuni ya filamu yaliigawa dunia katika maeneo, kila eneo na namba yake. Marekani na Kanada ni namba 1. Ulaya, Japani, nchi za Ghuba na Afrika Kusini ni namba 2. Sehemu kubwa ya Afrika, pamoja na India na Urusi, ni namba 5. Deki iliyofungwa kwa namba moja hukataa diski ya namba nyingine, hata kama diski hiyo ni mpya na haina doa. Kwa hiyo hata ile unayonunua Dubai yaweza kukataa nyumbani. Diski za arusi zilizorekodiwa na mpiga picha kwa kawaida hazina namba hiyo.

Basi fundi akachukua rimoti, akabonyeza SETUP, akatafuta mahali pa aina ya televisheni, akabadilisha kuwa PAL. Deki yenyewe ikaigeuza picha. Mara rangi zikarudi, na bibi akamwona binti yake akiingia kanisani. Tuliirudia sehemu ile mara nne. Diski ya katuni ilingoja mpaka tuliponunua deki inayosoma maeneo yote.

Siku hizi televisheni nyingi bapa hupokea mifumo yote miwili, lakini diski za arusi na za mazishi bado zimo makabatini mwetu. Ikigoma moja, fuata hatua hizi kabla ya kumlaumu mtu:

1. Jaribu diski nyingine unayojua ni nzima. Ikicheza, deki haina kosa.

2. Picha ikikosa rangi au ikipanda na kushuka, tafuta PAL au AUTO kwenye SETUP.

3. Deki ikikataa diski ya dukani, tazama nyuma ya jalada. Kuna alama ndogo ya dunia yenye namba. Usikimbilie kubadilisha namba kwenye kompyuta, kwa kuwa kompyuta nyingi huruhusu mara 5 tu, kisha hubaki na namba ya mwisho.

4. Picha ikikwama mahali pale pale, yaweza kuwa ni uchafu au mikwaruzo. Futa kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, kutoka kwenye tundu la katikati kwenda ukingoni. Usizungushe, wala usitumie petroli au dawa ya kuondoa rangi ya kucha.

5. Diski iliyorekodiwa nyumbani isiposomeka kabisa, huenda aliyeirekodi hakukamilisha hatua ya mwisho ya kuifunga. Mwombe aifunge kwenye mashine ile ile.

6. Ukitumiwa deki yenyewe kutoka Marekani, soma kibandiko kabla ya kuichomeka. Kikisema 100–240V, hakuna shida. Kikisema 120V tu, tafuta transfoma, la sivyo umeme wetu utaiunguza.

Na ile ya arusi ikishacheza, mwombe kijana mwenye kompyuta akuwekee nakala mahali pengine. Diski huchakaa, na mama mkwe wangu hatunaye tena. Sauti yake akishangilia tuliirekodi siku ile ile kwa simu.

Jioni ile ya Jumatatu nilimngoja mwanangu atoke shule. Nilimweleza alivyosema fundi, nikamwomba radhi. Kwa kuwa nilimwaibisha mbele za watu, Jumamosi iliyofuata niliwaita tena majirani wale wale, nikasema mbele yao kwamba mtoto hakuharibu kitu. Kisha nikampa rimoti yeye, akatuwekea arusi ya shangazi yake.

Amani iwe nyumbani mwenu hadi mwezi ujao.