Gesi Ikiisha, Moshi Hurudi
Mgonjwa wa pumu anapoambiwa kliniki aepuke moshi wa jikoni, hupewa ushauri sahihi ambao mara nyingi hana uwezo wa kuutekeleza. Mkaa huuzwa kwa kopo, kadiri ya fedha iliyopatikana siku hiyo; mtungi wa gesi hudai malipo yote kwa mkupuo. Kwa mama lishe au kibarua, tofauti hiyo ndiyo huamua kiwake nini jioni, hata pale ambapo mkaa, ukijumlishwa kwa mwezi, humgharimu zaidi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Tanzania imejiwekea lengo la asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo ni jema. Lakini mitungi inayogawiwa mikutanoni, mbele ya kamera, huja na gesi ya mara moja tu. Ruzuku ingefaa zaidi ikielekezwa kwenye kujaza tena, na mita za gesi ya kulipia kidogo kidogo zifike kwa kaya nyingi zaidi. Hadi hapo, mhudumu wa afya amwulize mgonjwa gesi yake iliisha lini, kabla ya kumwongezea dawa ya kuvuta.