Msalaba Juu ya Sarafu

Wako hapa Gendabi wasemao kwamba Msalaba ni kitu cha Wazungu, nasi tulioupokea tumewatupa babu zetu. Twawauliza: Ezana, mfalme wa Aksum katika nchi ya Uhabeshi, alikuwa Mzungu? Yeye katika karne ya 4 aliuondoa mwezi mwandamo katika fedha zake, akatia msalaba. Kumbe Konstantino wa Roma, hata baada ya mwaka 313, sarafu zake za shaba zilikuwa zingali na sanamu ya mungu jua! Aksum nayo ilipiga sarafu za shaba, ndizo pesa za maskini sokoni, zenye msalaba na maneno ya Kiyunani: jambo hili liipendeze nchi. Na watu wa Norwei siku zile? Walikuwa wangali wakiitambikia miungu yao.