Tuulize Kwanza: Tangu Siku Gani?

Wandugu wanafunzi, na ninyi waalimu wetu,

Kazi yetu sisi makapita munaijua. Tuko na kaye, na ndani yake tunaandika majina: nani amechelewa, nani amesinzia katika somo la hesabu, nani amejibu mwalimu vibaya. Siku ya Posho kaye inakwenda kwa Direkta wa diskiplini, na mwisho wa trimestre pointi za konduite zinapunguzwa. Hatuko hapa kwa kupinga kazi ile. Shule bila utaratibu inageuka soko la Kadutu. Lakini kaye yetu iko na safu moja tu, ile ya kosa, na sisi tunaomba iongezwe safu ya pili, yenye maneno haya: Tangu siku gani?

Mwenye kupiga kelele tangu mwaka wa kwanza, huyo tunamujua, na mama yake anamujua. Lakini mutoto aliyekuwa anapata pointi 70 kwa mia, na leo anasinzia kila siku, hacheze mupira tena, haonje mukate wake wakati wa rekreasio, na mulango ukipigwa kwa nguvu anaruka: huyo amegeuka. Wote wawili wanaandikwa katika safu moja na wanapewa azabu moja, lakini makosa yao hayatoke katika shina moja.

Hapa Bukavu sababu za kugeuka hazikosekane. Katika Februari 2025 vita viliingia katika muji wetu, na tarehe 27 ya mwezi ule milipuko ilipiga mukutano wa watu kwenye Place de l'Indépendance, na zaidi ya watu kumi walikufa. Katika Mei 2023 maji yalibomoa Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe, watu zaidi ya mia ine wakafa. Kuko pia mambo yasiyokuwa na tarehe: baba aliyeondoka bila kuaga, minervali isiyolipwa, kilio nyumbani usiku.

Shirika la Afya ya Dunia, OMS, linasema kati ya vijana saba wa miaka 10 hadi 19, mumoja anasumbuliwa na ugonjwa wa akili. Na kati ya watu wanaoishi pahali palipopigwa na vita, ni mumoja kwa tano. Katika darasa la watu 49, hesabu ile ya kwanza inatoa saba. Mutazame darasa lenu. Saba hao hawako barabarani wakisema peke yao. Wako kwenye mabanki pamoja nasi, na ugonjwa wao ni huzuni isiyoisha, woga usiokuwa na sababu, ao usingizi uliopotea.

Juu ya nini hawasemi? Kwa maana tunacheka. Mutu akisema “Weye, uende SOSAME!”, darasa lote linapasuka na kicheko. SOSAME ni kituo cha Mafurere wa Charité hapa mujini petu, pahali pa kutunza wagonjwa wa akili, kama vile kuko pahali pa kutunza mifupa iliyovunjika. Hakuna mutu anayecheka mwenye kuvunjika mukono.

Wengine watasema: mambo ya akili hayapimiki, si kama malaria ambayo damu inaonyesha. Ni kweli damu haionyeshe, lakini kuuliza kunaonyesha. Mwaka 1997 Robert Goodman, muganga wa Uingereza, alitoa karatasi ya maneno 25 juu ya watoto na vijana. Muzazi anajaza yake, mwalimu yake, na kijana wa miaka 11 na zaidi anajaza yake mwenyewe, kwa maana mumoja peke yake haone yote. Na kati ya yale 25, matano yanauliza juu ya wema: anasaidia wengine? anagawa vitu vyake? Karatasi ile haitoe jina la ugonjwa. Inaonyesha tu nani inafaa kuketi naye na kumusikiliza vizuri.

Wengine watasema: hatuna feza, hatuna waganga. Basi tutazame Harare, kule Zimbabwe. Mwaka 2006 muganga Dixon Chibanda alianza na wamama wazee 14 katika mutaa wa Mbare. Aliwafundisha kuketi na mutu kwenye banki ya mbao, kumuuliza maswali machache, na kutafuta pamoja naye njia ya kutatua shida moja kwanza. Washona wanaita ile taabu kufungisisa, ni kusema kuwaza kupita kiasi. Hata sisi tuko na neno letu: “Eko na mawazo mingi.” Mwaka 2016 matokeo yalitangazwa: kiisha miezi sita, walioketi kwenye banki ile walikuwa na nafuu kupita wenzao waliopata matunzo ya kawaida. Banki tuko nazo hapa shuleni, na zingine ziko chini ya miti.

Na wengine watasema: tuombe tu, hiyo ni kazi ya roho mubaya. Sisi tunaomba, na hatutaacha. Lakini tukumbuke Elia, chini ya muti katika jangwa, wakati alipochoka na kutaka kufa. Malaika hakumugombeza wala hakumuhubiri. Alimupa mukate na maji, akamuacha alale tena. Maneno yalikuja nyuma.

Kuko pia wenye kuogopa kwamba wavivu watapata kisingizio. Mwenye kudanganya hapendi kuulizwa maswali mingi. Ataona ni heri azabu ya kufagia.

Basi tunaomba mambo matatu.

La kwanza ni ile safu ya pili katika kaye ya kapita. Pale tuandike tarehe tu, si siri ya mutu, kwa maana kapita si muganga.

La pili, shule ichague waalimu wawili, mwanaume na mwanamuke, wenye kujua kusikiliza. Mutoto aliyegeuka kwa juma mbili ao zaidi atumwe kwao mbele ya kutumwa kwa diskiplini. Siri yake ikae kwao, isipokuwa kama uzima wake uko katika hatari.

La tatu, waalimu wale wajue njia: kituo cha afya cha karibu, SOSAME, na Hospitali ya Panzi. Panzi ilianzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Nobel ya Amani mwaka 2018, na kule wenye kutunza moyo wanafanya kazi pamoja na wenye kutunza mwili. Ikiwa wamoja walifahamu kwamba kushona kidonda peke yake hakutoshe, hata shule inaweza kufahamu.

Na kwenu wandugu wanafunzi, neno moja. Mwenzako akikuambia amechoka kuishi, usicheke, usimuache peke yake, na usingoje kesho. Umupeleke kwa mutu mukubwa saa ile ile. Hii si kuchongea.

Mwisho wa trimestre uko karibu, na komite ya diskiplini itaketi. Majina yatasomwa, na mwenye kufukuzwa mwaka wa sita anapoteza hata Egzameni ya Serikali. Tunaomba kila jina likisomwa, mutu mumoja kwenye meza ainue mukono na kuuliza: huyu, tangu siku gani?

Makapita wa shule,
kwa mukono wa kapita mukubwa, mwaka wa sita